Leven House na Port Reitz: tuyafute majina haya?

Mjadala wa majina ya kikoloni Mombasa ukianza, hauchelewi kufika Leven House, lile jumba la Mji wa Kale lenye ngazi za kuteremkia baharini, na Port Reitz ng'ambo ya kisiwa. Hoja huwa moja: ni majina ya Waingereza, yaondoke. Mimi napinga.

Leven ilikuwa manowari ya matanga ya Uingereza chini ya Kapteni William Owen. Ikiandamana na Barracouta, miaka ya 1822 hadi 1826 ilizunguka pwani za Afrika ikitia bildi na kupima vina. Zikapatikana ramani za bahari zipatazo 300, na homa ikaua zaidi ya nusu ya mabaharia waliotoka nao kwao. Ni kweli, ramani hizo ziliwasaidia wakoloni waliofuata. Hilo silikatai.

Lakini Owen alipotia nanga Mombasa Februari 1824, alikuta bendera ya Uingereza imeshapandishwa. Waliipandisha Wamazrui wenyewe, ukoo uliotawala Mombasa! Sayyid Said wa Oman alikuwa amewabana kwa merikebu zake, nao wakatafuta mwenye nguvu wa kuwakinga. Mapatano yakafanywa na Liwali Suleiman bin Ali: Waingereza walinde mji, ushuru wa forodha ugawanywe nusu kwa nusu, biashara ya watumwa ikome. Owen hakuwa na idhini ya serikali yake. Akamwacha Luteni John James Reitz awe gavana. Kufika Mei malaria imeshamuua. Mwaka 1826 Uingereza ikajitoa, Wamazrui wakabaki peke yao. Mwaka 1837 Sayyid Said akautia mji mkononi, wakuu wao wakakamatwa na kusafirishwa mbali.

Kwa hiyo ukisema Leven ilikuja kututawala, unawafanya Wamazrui watoto wasiojua walifanyalo. Walikuwa watawala wenye hesabu zao, wakacheza karata kubwa, wakaangushwa na rafiki waliyemwamini. Jina la Leven pale ngazini ndilo linalomfanya mtoto aulize "Leven ni nani?", na hapo ndipo kisa hiki huanza kusimuliwa.

Port Reitz inanipa taabu zaidi, nakiri. Mtu aliyekaa miezi mitatu tu amepewa hori zima, na Liwali Suleiman, aliyefanya mapatano na Owen, wangapi kati yetu wanalijua jina lake? Hapo ningekubali jina la Liwali liwekwe kando ya la Reitz, kwa maandishi ya kusomeka, pamoja na habari ya bendera ile na aliyeipandisha.

Wanaotaka yafutwe kabisa, nawauliza: mwaka 1824 mtausimulia vipi kwa anayepita pale, na mtaanzia kwa nani, Owen au Wamazrui?