Wana Tanga, tupeane uzoefu: ukisema kwenu ni Tanga, unajibiwa nini?

Mgosi wa Barabara ya 9: Nimerudi likizo na machungwa ya Muheza, nikagawa ofisini hapa Dodoma. Jamaa mmoja kalinusa lake kwanza: "Halijasomewa hili?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Sasa niko nyumbani, kicheko kimeisha. Nyie mmekutana na yapi?

Kipopo: Hilo la kusomewa nishalizoea. Mimi huulizwa nina majini mangapi.

Binti Chuda: Umenitonesha. 2016 napelekwa ukweni Mwanza, nikajipendekeza: wacha niwapikie samaki wa kupaka. Nazi nimebeba kutoka kwetu, nimekuna mwenyewe. Sato badala ya changu, lakini tui lilikubali. Chakula kikatengwa, shangazi mtu akanisogezea sahani: "Anza wewe, mwanetu." Nikadhani heshima! Tonge la kwanza, la pili, wote macho kwenye mdomo wangu. Mama mkwe akanyanyuka, akarudi na bakuli la dagaa. Wakala dagaa. Sato wangu wakapoa pale pale. Mchumba kimya, na huyo ndiye aliyeniuma kuliko shangazi. Usiku nasikia sebuleni wananong'ona: limbwata.

Nyuki wa 1914: Pole dada. Waingereza nao walishuka kwetu Novemba 1914 na askari wa India, wakachapwa na Wajerumani, nyuki wakawamalizia. Tanga haitaki dharau.

Kipopo: Nyuki wenyewe walitumwa 😂

Nyuki wa 1914: Ndiyo hayo hayo tunayoyalalamikia, na wewe unayachochea!

Mpita Njia: Mimi si wa huko, ila tuseme kweli, mji umelala. Saa 3 usiku Chumbageni unasikia hadi mbwa akijikuna.

Mzee wa Katani: Umelala? Mkonge uliletwa 1893, reli ikaanza kujengwa Tanga mwaka huo huo. Babu zetu wamekata mkonge na kuvuta singa mpaka mikono ikaota sugu. Kamba za nailoni zikaja, bei ikaanguka, mashamba yakawa pori, ndipo tukaitwa wavivu. Leo bomba la mafuta kutoka Hoima, kilomita 1,443, linaishia Chongoleani kwetu Tanga, na nyie nyie mnatupigia simu kuulizia viwanja.

Wa Mkwakwani: Na Coastal Union bingwa wa ligi 1988!

Kimanumanu: Hapa tunatetea mji au timu? Coastal tuachieni.

Mpita Njia: Binti Chuda, ndoa ilifungwa?

Mama Pongwe: Wanangu, msibishane na watu. Ukiulizwa kwenu, sema Lushoto.

Kipopo: Lushoto si Tanga, mama?

Mama Pongwe: Wao wanajua?

Mzee wa Katani: Kujificha ndiko kunakowapa nguvu. Mimi nasema Tanga, tena nakaza sauti.

Kipopo: Mimi nawaambia majini yapo saba, na ninapunguza bei. Sijaombwa mkopo tena.

Wa Mkwakwani: Ndoa jamani, ndoa!

Binti Chuda: Ilifungwa. Shangazi akija kwangu, mpaka leo namtengea dagaa.

Mgosi wa Barabara ya 9: Machungwa yamebaki nusu gunia. Nani yuko Dodoma?