Kuhamisha kiwanja Dodoma bila wakili: inawezekana, na inakwama wapi?

MkaziWaIlazo

Wakuu habari za jioni. Nimekubaliana na mzee mmoja kiwanja cha Nzuguni, mita za mraba 600, bei milioni 25. Hati ipo, ila ni ile ya enzi za CDA (Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu) ya miaka 33, jina lake peke yake. Mkewe yupo hai. Gharama ya wakili imenizidi. Nauliza: sheria inaniruhusu kuhamisha mwenyewe? Mlolongo ukoje na kodi anabeba nani? Na mwenyekiti wa mtaa anataka asilimia kumi ya bei ndipo agonge muhuri. Hii ni halali?

Masijala

Mkuu, hakuna kifungu kinachomlazimisha mnunuzi au muuzaji kuwa na wakili. Kinachokatazwa na Sheria ya Mawakili ni mtu asiye wakili kuandaa nyaraka za uhamisho wa ardhi *kwa malipo*. Kwa hiyo yule kijana wa stesheneri anayekuchapia mkataba na kukutoza "gharama ya uandishi" ndiye anayevunja sheria. Wewe ukiandika wako mwenyewe hujakosea. Sharti moja watu wanalisahau: mwisho wa kila waraka lazima paandikwe "Umeandaliwa na", jina na anwani ya aliyeuandika. Bila hayo Msajili wa Hati anaurudisha bila kusoma yaliyo juu yake.

Fomu ni tatu. Fomu ya Ardhi Na. 29 ni taarifa ya uhamisho, Na. 30 ni maombi ya kibali cha uhamisho, na Na. 35 ndiyo hati ya uhamisho yenyewe. Hiyo ya 35 ndiyo inayosajiliwa na kukupa umiliki, si mkataba wa mauziano. Mkataba ni ahadi kati yenu wawili tu. Wengi hukaa na mkataba kabatini miaka kumi wakidhani wamemaliza, kumbe kwenye daftari la Msajili mwenye kiwanja ni yuleyule wa zamani, na wanaomdai wanaweza kukikamatia deni lake.

Kila fomu iwe na nakala zisizopungua tatu, zote saini halisi na picha za pasipoti, si fotokopi. Ambatanisha hati halisi, NIDA (kitambulisho cha taifa) na TIN (namba ya mlipakodi) za pande zote mbili, ridhaa ya mke, risiti ya kodi ya pango la ardhi hadi mwaka huu na ripoti ya uthamini.

Na usitoe hata shilingi kabla ya upekuzi. Upekuzi wa kwanza ni kwa Msajili wa Hati, kwa namba ya hati, uone jina, rehani ya benki, zuio la mahakama, kaveti (pingamizi lililosajiliwa). Wa pili watu hawaufanyi: jalada la kiwanja idara ya ardhi ya Jiji. Msajili anaonyesha kilichosajiliwa tu. Kama kuna mtu mwingine ana barua ya toleo (ya kugawiwa) ya kiwanja hichohicho, kwake haionekani, ila jaladani ipo. Kwa Dodoma hapo ndipo migogoro ya kiwanja kimoja cha watu wawili inapoanzia.

Mthamini_Kizota

Naongezea upande wa kodi, maana hapo ndipo watu wanalizwa.

Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji. Kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, yaani bei ya kuuzia ukitoa gharama ya kupatia na kuendeleza. Mzee akiwa na risiti zinazoonyesha kiwanja kilimgharimu milioni 18, faida ni milioni 7, analipa 700,000. Mtu binafsi asiye na kumbukumbu za gharama analipa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyothibitishwa, ile iliyo kubwa. Kwa milioni 25 ni 750,000. Bila cheti cha TRA (Mamlaka ya Mapato) kwamba kodi hiyo imelipwa, Msajili hasajili.

Ushuru wa stempu ni asilimia 1, hapa 250,000, na kwa kawaida anaubeba mnunuzi. Ulipe ndani ya siku 30 tangu waraka kusainiwa, ukichelewa kuna adhabu. Waraka usio na stempu haupokelewi mahakamani kama ushahidi, kwa hiyo hata mkataba wenu usiuache hivihivi.

Mtashawishika kuandika milioni 10 badala ya 25. Msifanye. Ripoti ya mthamini aliyesajiliwa inaidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, na TRA wanachukua namba kubwa, kwa hiyo hamkwepi kitu. Halafu wewe mnunuzi ndiye unayeumia baadaye: ukiuza kesho kwa milioni 40, gharama yako kwenye makaratasi ni milioni 10.

Sasa jinsi ya kulipa. Ukimpa mzee zote 25 ukitegemea akalipe kodi yake, atakula. Si kwamba ni mtu mbaya, pesa ikishaingia mkononi ina mambo yake. Andikeni kwenye mkataba: sehemu ndogo siku ya mkataba, sehemu kubwa siku anaposaini Fomu 35 na kukukabidhi hati halisi, na kiasi cha kodi ubaki nacho mwenyewe, ukilipe moja kwa moja kwa kumbukumbu namba ya malipo (control number) iliyotolewa kwa jina lake.

Nkuhungu_B

Jamani, mmeruka hati yenyewe. Hati ya CDA si sawa na hati ya kawaida. CDA ndiyo ilikuwa inashikilia ardhi ya makao makuu kwa hati yake kubwa, na wananchi wakapewa pango la miaka 33 chini yake. Mei 2017 Rais Magufuli akaivunja, shughuli zikahamia halmashauri, na ikaelekezwa hati hizo zibadilishwe kuwa za miaka 99.

Kwa hiyo ndugu, angalia ukurasa wa kwanza: miaka 33 inaanza kuhesabiwa lini? Iliyotolewa 1995 inakwisha 2028. Unanunua milioni 25 kitu chenye miaka michache. Mwambie mzee aibadilishe kwanza kwa jina lake mwenyewe, ndipo mhamishe. Itachelewesha, na kama pango la ardhi ana malimbikizo yatafumuliwa hapo. Afadhali yafumuliwe yakiwa mikononi mwake. Ukikubali "utabadilisha mwenyewe ukishanunua", utakuwa unafukuzia saini ya mzee mwenye umri mkubwa, na siku akifariki utaanza kushughulika na msimamizi wa mirathi na watoto ambao bei yenu hawakuijua.

MkaziWaIlazo

Asanteni sana wakuu. Hati inasema imeanza 1998. Na saini inashuhudiwa na nani kama sina wakili? Muhuri wa mwenyekiti hautoshi?

Masijala

Hautoshi. Saini kwenye Fomu 35 ishuhudiwe na mtu anayetambuliwa na Sheria ya Usajili wa Ardhi. Bila wakili, nenda kwa hakimu, hata wa Mahakama ya Mwanzo. Wote mwende na NIDA, na msisaini nyumbani. Anatakiwa awaone mkisaini. Mkileta fomu zilizosainiwa tayari, hakimu makini atawaambia mchape upya.

Mama naye aende siku hiyohiyo. Ridhaa yake iwe waraka unaojitegemea, unaotaja namba ya kiwanja, kitalu na namba ya hati, si "nimekubali mume wangu auze kiwanja". Kuna mke zaidi ya mmoja? Uliza mapema, wote wasaini. Muuzaji asiye na ndoa anaapa kiapo cha kutokuwa na mwenza.

Linganisha majina herufi kwa herufi. Hati za CDA nyingi zina majina mawili, NIDA ina matatu. Hapo anaapa kiapo cha majina kabla ya kuwasilisha chochote. Kama jina limebadilika kabisa, inatakiwa dipoli (hati ya kubadili jina) iliyosajiliwa.

Asilimia kumi ya mwenyekiti haimo kwenye sheria yoyote ya ardhi, na kwa kiwanja kilichopimwa chenye hati muhuri wake si sharti la usajili. Akisisitiza kwamba ni ushuru wa halmashauri, mwombe kumbukumbu namba ya malipo. Mara nyingi mazungumzo yanaishia hapo. Ila nenda kwake umsalimie na umuulize kama kuna mgogoro, maana yeye anajua nani huwa anakuja kulima pale.

Shamba_Bahi

Samahani kuingilia: na shamba la kijijini Bahi ni hivihivi?

Nkuhungu_B

Hapana kaka, huko ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji, na fomu hizi hazihusiki. Kibali ni cha halmashauri ya kijiji, kwa kikao chenye muhtasari, si saini ya mwenyekiti na mtendaji wakiwa wamekaa wawili chini ya mbuyu. Chukua nakala ya muhtasari yenye mahudhurio.

Mthamini_Kizota

Mkuu wa Ilazo, 1998 ukijumlisha 33 ni 2031, kwa hiyo Nkuhungu yuko sahihi, ibadilishwe kwanza. Na kabla ya yote mkodi mpima ardhi aliyesajiliwa afike na ramani ya upimaji, asome alama zote za pembe kwa kipimo. Viwanja vya Nzuguni mawe ya mipaka yameng'olewa na mengine yamehamishwa wakati wa kuchimba misingi. Akikuta jirani ameingia mita mbili, hilo ni la mzee kulimaliza kabla hujasaini.