Yanga 2022/23: lile kombe la Shirikisho lilitupotelea Algiers au hapa hapa Dar, uwanja wa Mkapa?

Mwananchi wa Mbagala:
Wakuu habari za muda huu. Tupo kijiweni tunabishana toka asubuhi mpaka muuza kahawa kaanza kutuangalia vibaya, nikaona bora niulete huku kwa wenye kumbukumbu. Mi nasema msimu wa kocha Nabi wa 2022/23 ndo mtamu kuliko yote niliyoshuhudia nikiwa na akili zangu, Agosti tunamchapa Simba 2-1 kwenye Ngao ya Jamii straika wetu Mayele anatupia zote mbili, ligi tunabeba kwa pointi 78 Simba wana 73, fainali ya FA tunamfunga Azam kule Mkwakwani Tanga kwa goli la Musonda, na huko Afrika tunafika fainali ya Shirikisho. Sasa kuna mshkaji wangu, naye Yanga damu ndo maana inauma, anasema msimu ambao ulimliza mtu mzima barazani kwake hauwezi kuitwa bora. Nikamwambia sawa, basi tutafute tulipojikwaa. Mi naona ni zile dakika mbili za mechi ya kwanza ya fainali na USM Alger wa Algeria, tuliyopigwa 2-1 hapa Dar. Nyie mnasemaje?

Kipara Ngoto:
Mkuu watu wanaianza hii stori katikati. Ule msimu Wananchi wenyewe, sisi Yanga, tulishaukatia tamaa mwezi wa kumi. Tulianza Ligi ya Mabingwa, Zalan wa Sudan Kusini tukawapiga tisa jumla mechi mbili, tukavimba kichwa, akaja Al Hilal tukatoka nao 1-1 nyumbani wakatumaliza Omdurman 1-0. Tukashushwa Shirikisho tukapewa Club Africain, hapa kwa Mkapa 0-0, yaani siku ile kwenye daladala hakuna aliyekuwa anaongea. Mi mwenyewe nilishaanza kuandika uzi wa kumfukuza Nabi, nashukuru bando liliisha. Alafu mwezi wa kumi na moja tukaenda Tunis Aziz Ki akafunga lile goli moja na kila kitu kikageuka.

Na mwezi huo huo wa kumi na moja Ihefu akatutia adabu 2-1 kule Mbarali, mechi 49 za ligi bila kufungwa zikaishia shambani kwenye mpunga. Kwa hiyo mtu akiniambia ulikuwa msimu wa raha tupu namuuliza ulikuwa nchi gani.

Mnyama Mkali 1936:
Nyie Yanga, Utopolo, mnapenda kujipongeza kwa kombe la waliofeli 😂 Kwanza aprili sisi Simba tuliwapiga 2-0, Inonga na Kibu, hiyo mbona haipo kwenye orodha? Kiatu cha ufungaji Mayele kagawana na Saido wetu 17 kwa 17. Na hilo la dakika mbili unajidanganya kaka, unachukua 1-1 ya Dar unajumlisha na 1-0 ya Algiers unajipa kombe kwenye kikokotoo. Waarabu wakija kwao wakiwa na 1-1 hawachezi vile, wangetoka wakawafuata. Walikaa nyuma kwa sababu walishakuwa na magoli mawili ya ugenini mfukoni.

Kipara Ngoto:
Kolo wa Simba leo umeongea point mpaka nimeshtuka. Ila hilo neno la waliofeli liache, nyie 2025 mlikuwa fainali ya hilo hilo kombe, mkala 2-0 Berkane mkaja kutoa 1-1 Amaan. Tena 1993 kwenye Kombe la CAF mlitoka Abidjan na 0-0 nzuri kabisa, Stella wakaja kuwapiga 2-0 hapa hapa Dar. Huo ugonjwa wa kufia nyumbani mmetuambukiza nyie.

Bibi Yanga Tanga:
Wanangu mnasahau makundi. Monastir walitupiga 2-0 mechi ya kwanza, tukamaliza vinara na pointi 13, Mazembe tumemfunga nje ndani, 3-1 hapa na 1-0 Lubumbashi, goli la Farid. Mazembe huyo! Mwaka gani mwingine umeona hivyo? Robo tukaenda Nigeria Mayele akawapiga Rivers mawili, marudiano mpaka taa za uwanja zikazima tukakaa gizani tunaimba. Mimi naupa tisa kwa kumi. Moja nalizuia kwa ajili ya presha yangu.

Mzunguko Daima:
Mi nilikuwepo tarehe 28 Mei kwenye hiyo mechi ya kwanza, jukwaa la mzunguko, nitawaambia nilichokiona kwa macho. Mahious alitufunga mapema, dakika ya 32, kuanzia hapo tunawasukuma tu wao wanaanguka wanalala, kipa akipiga goli kiki anafunga kwanza kamba za viatu. Dakika ya 82 Mayele akasawazisha. Sasa hapo ndo pana tatizo wakuu, uwanja mzima ukaanza kutetema kama Mayele anavyoshangilia, mimi nimevua kiatu nakizungusha hewani, jamaa wa mbele yangu ameupa uwanja mgongo kabisa anatuchezea sisi, na nikiangalia chini naona hata wachezaji wetu bado wana ile presha ya kutaka la pili sasa hivi, wamejaa mbele. Dakika ya 84 Merili huyo, la pili lao. Yule jamaa hakuliona goli, aliliona kwenye sura zetu, mikono ikabaki juu.

Kwa hiyo mi sikubaliani na Kolo. Algiers tulifanya kila kitu, Djuma penalti dakika ya 7, Diarra akapangua penalti yao kipindi cha pili, tukashinda kwao 1-0. Jumla 2-2, wao ugenini mawili sisi moja, sheria ya goli la ugenini ikawapa kombe, basi. Kombe tuliliacha pale kati ya 82 na 84.

Mwananchi wa Mbagala:
Nimewasomea hapa kijiweni yote, mshkaji kanyamaza ila bado kanuna. Mkuu Mzunguko, na kile kiatu?

Mzunguko Daima:
Lilipoingia la pili kilinichomoka mkononi kikaenda safu za chini huko. Nilirudi Gongo la Mboto na kimoja.