Mijohoro imeziba mlima bustanini, tuipogoe vipi?

Kijana_wa_Mlimwa:
Mbukwenyi wadau. Tuna kikundi cha kujitolea huku Mlimwa, tunatunza kabustani ka mtaa, kufagia, kumwagilia, kufukuza mbuzi. Sasa mijohoro iliyopandwa enzi zile za kampeni ya Dodoma ya Kijani imeshiba mpaka ukikaa kwenye benchi mlima huuoni kabisa, na watu jioni walikuwa wanakuja kwa ajili ya ule mwonekano tu. Vijana wanataka tukate vichwa, wazee wamekuja juu, mvua yenyewe mm 600 kwa mwaka ni ya kubahatisha afu unakata mti kisa selfi? Mnashaurije?

Jembe_Butu:
Mkuu msithubutu kukata kichwa, mjohoro ukiukata juu ndo umeuchokoza, unachipua hapohapo machipukizi kibao, masika mawili tu una kichaka kizito kuliko mwanzo na yale matawi mapya hayajashika vizuri, upepo wa Julai unayabandua. Toeni matawi ya chini, yasizidi theluthi, mtu auone mlima kwa chini ya kivuli. Tawi nene lianze na msumeno kwa chini kidogo, ndo ukate juu mbele ya hapo, likianguka halichani gome. Kisha malizia kile kipande kilichobaki ila lile vimbe tawi linapoungana na shina usiliguse, ndo linaloziba kidonda. Panga liacheni nyumbani.

Mama_Zabibu:
Na barua jamani! Kama eneo ni la jiji pitieni kwa mwenyekiti wa mtaa kwanza, kuna wenzenu walikata kwa nia nzuri tu wakaishia kuandika maelezo. Halafu si lazima kila benchi lione mlima, fungueni mawili, mengine yabaki na kivuli, saa nane mchana ya Dodoma nani ana habari na mlima.

Jembe_Butu:
Kweli mama. Na majani msichome, tandazeni kwenye vile vijiche vipya vishike unyevu, ila msirundike kwenye shina, mchwa wa huku hawakawii.

Kijana_wa_Mlimwa:
Shukrani sana. Barua inaandikwa, mzee mmoja kashapaka chokaa matawi ya kutoa, kapaka matatu tu bustani nzima, vijana wamenuna.