MREJESHO: Mpango wa biashara yangu ya maharage Kampala
Wakuu habari zenu, ni mimi niliyeuliza nipangeje biashara ya maharage hapa soko la Owino maana mtaji ulikuwa unakatika tu. Mliniambia nianze na lengo, niangalie soko, nilinganishe njia mbili tatu ndo nichague. Nimefanya. Nilichukua daftari nikaandika kila gunia limeingia kwa bei gani, usafiri, wapagazi, limetoka kwa bei gani, aisee kumbe miezi ya uhaba nilikuwa nauza kwa hasara kabisa! Sasa mavuno ya Juni na Julai nafuata mwenyewe kwa wakulima Masindi, magharibi mwa Uganda, naanika kwenye turubai, nauma punje kwa jino, ikikatika kwa mlio najua imekauka, ndo naweka stoo. Kila Jumamosi nalinganisha mpango na mauzo. Asanteni sana.