GSX-R600 ya 2007: breki ya mbele inazama. Je, mipira ya chuma kilichosukwa ndiyo dawa?

Muulizaji, Dar es Salaam

Habari za leo wakuu. Naomba ushauri kuhusu breki ya mbele ya Suzuki GSX-R600 ya mwaka 2007, yenye diski mbili za milimita 310 na kalipa (vibano vinavyosukuma pedi kwenye diski) za Tokico za pistoni nne, isiyo na ABS (mfumo wa kuzuia gurudumu lisijifunge). Niliinunua ikiwa imeshatumika, na mipira yake ya breki, yaani mirija inayopitisha mafuta ya breki, inaonekana ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani, kwa kuwa maandishi yake bado yanasomeka. Katika mizunguko ya mjini breki hainisumbui sana. Tatizo nililiona nikishuka kutoka Lushoto kwenda Mombo, barabara ambayo kona zake zinafuatana kiasi kwamba mtu anashika breki, anaachia na kushika tena bila mapumziko. Kadiri nilivyoshuka, ndivyo mkono wa breki ulivyozidi kuingia ndani, hata nilipokaribia chini ulikuwa karibu kugusa vidole vilivyobaki kwenye usukani. Pikipiki ilisimama kila nilipotaka isimame, lakini sikuwa tena na uhakika wa kona inayofuata.

Wenzangu ninaosafiri nao wanasisitiza kwamba niondoe mipira ya kawaida na kuweka ile iliyosukwa kwa nyuzi za chuma cha pua. Kabla sijaagiza seti kutoka nje, ningependa kujua kama kweli itaondoa tatizo hili, kama nichukue seti ya mipira miwili au mitatu kwa upande wa mbele, na kama kuna jambo ambalo fundi wangu anapaswa kulijua wakati wa kufunga, kwa sababu kazi zake nyingi ni za pikipiki ndogo.

Dada wa R6, Dar es Salaam

Kaka, mimi ninatumia mipira ya aina hiyo kwenye Yamaha R6 yangu na sitamani kurudi nyuma. Mpira wa kawaida una kitambaa ndani ya kuta zake, lakini bado unatanuka kidogo kila unapokandamiza breki, na ukizeeka au ukipata joto unatanuka zaidi. Mafuta yanayojaza utanuko huo ni mafuta ambayo hayakufika kusukuma pistoni za kalipa. Mpira uliosukwa una bomba jembamba la tefloni ndani na wavu wa nyuzi za chuma juu yake, kwa hiyo hautanuki kwa kiwango cha kuhisika mkononi, na breki inashika mapema na kwa namna ile ile kila mara.

Unaweza kujipima mwenyewe. Mwombe mtu abane breki kwa nguvu huku wewe umezungushia vidole mpira wa mbele, mahali unapoinama kuelekea kalipa. Mpira uliochoka utausikia ukijaa chini ya vidole na kunywea anapoachia. Ukiusikia hivyo, usisubiri safari nyingine, kwani watengenezaji wa Kijapani, Suzuki wakiwemo, wanaelekeza mipira hiyo ibadilishwe kila baada ya miaka 4, na ya kwako imepita muda huo zaidi ya mara moja.

Usitarajie, hata hivyo, kwamba nguvu ya breki yenyewe itaongezeka. Nguvu inatokana na ukubwa wa pistoni ya masta (pampu ya breki iliyo kwenye usukani) ukilinganishwa na pistoni za kalipa, pamoja na pedi na diski. Mpira wa chuma unachokupa ni hisia iliyo wazi zaidi kwenye kidole, na katika kona hilo ni jambo kubwa.

Fundi wa pikipiki kubwa, Arusha

Ndugu muulizaji, ninakubaliana na dada kuhusu mipira, na ningekushauri uibadilishe hata kama breki yako ingekuwa nzima. Ninachokuomba ni kwamba usianze na mipira. Mkono wa breki unaozama una sababu kadhaa, na kwa pikipiki yako ipo moja ambayo seti ya mipira mipya inaweza kuificha kwa muda bila kuiondoa.

Mwaka 2013 Suzuki ilitangaza kuziita pikipiki zake kwa ajili ya marekebisho ya masta ya breki ya mbele. Zilihusika GSX-R600 na GSX-R750 za modeli za 2004 hadi 2013, pamoja na GSX-R1000 za 2005 hadi 2013, na kwa Marekani peke yake idadi ilizidi 210,000. Maelezo yaliyotolewa yalikuwa haya: mafuta ya breki yakikaa muda mrefu bila kubadilishwa hunyonya unyevu, na pistoni iliyo ndani ya masta, ambayo uso wake haukutibiwa kwa usawa kiwandani, inaweza kuanza kuliwa na kutu. Mmenyuko huo unazalisha gesi. Tundu la kuunganisha masta na kikopo cha mafuta lilikuwa ubavuni badala ya juu, hivyo gesi hiyo haikupata njia nzuri ya kutokea, ikabaki ndani na kuifanya breki iwe laini. Sisemi kwamba ndiyo hali ya pikipiki yako. Ninasema kwamba modeli yako imo ndani ya miaka hiyo, na kwamba pikipiki iliyopita mikononi mwa watu kadhaa kabla ya kufika Dar es Salaam huenda ilifanyiwa marekebisho hayo au haikufanyiwa. Nenda na namba ya fremu kwa wakala wa Suzuki akuangalizie.

Wakati unasubiri jibu, kuna dalili unazoweza kuzitenganisha nyumbani. Mafuta yakichemka, mvuke unaotokea hugeuka kuwa kimiminika tena yanapopoa, kwa hiyo breki iliyozama mlimani itarudi kuwa ngumu baada ya mapumziko. Hewa au gesi haiondoki kwa kupoa. Asubuhi, injini ikiwa baridi, mkono bado utakuwa laini, na ukiupampu haraka haraka utapanda juu na kuwa mgumu kwa muda. Mkono ukibanwa kwa nguvu isiyobadilika na ukaendelea kushuka polepole, sili (vizibo vya mpira) za masta zinapitisha mafuta au kuna mahali panavuja. Mpira uliochoka haufanani na haya yote, kwa sababu huo unakupa ulaini ule ule leo na kesho, ukizidi kidogo tu kwenye joto.

Fungua pia kikopo cha mafuta. Mafuta mapya ya DOT 4 (daraja la mafuta ya breki) ni meupe au ya manjano hafifu na unaona chini ya kikopo bila shida. Yakiwa na rangi ya chai ya rangi, basi yamekaa sana. Kiwango cha DOT 4 kinataka mafuta yaliyo makavu yasichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yaliyokwisha kunyonya maji, kwa kipimo cha asilimia 3.7, yanaruhusiwa kuchemka kuanzia nyuzi 155. Tofauti hiyo ya nyuzi 75 ndiyo unayoipoteza taratibu ukiishi pwani, ambako hewa ina unyevu mwaka mzima na unyevu huo unapenya hata kwenye kuta za mpira wa kawaida. Suzuki inaelekeza mafuta yabadilishwe kila baada ya miaka 2, na kwa hali ya hewa ya Dar es Salaam mimi ningeyabadilisha kila mwaka.

Muulizaji, Dar es Salaam

Nashukuru sana, nyote wawili. Nimefanya majaribio mliyoelekeza. Mpira unajaa chini ya vidole kama dada alivyoeleza, tena waziwazi. Mafuta ni ya kahawia, na sehemu ya chini ya kikopo haionekani. Asubuhi pikipiki ikiwa baridi mkono ni laini kiasi, nikiupampu unapanda, na nikiushikilia kwa nguvu haushuki. Kwa hiyo inaonekana mipira imechoka na kuna hewa au gesi kwa wakati mmoja. Je, ninaweza kununua mipira na masta pamoja nikafanya kazi zote kwa mkupuo, au kuna utaratibu ulio bora? Na lile swali la mipira miwili au mitatu bado linanitatiza.

Fundi wa pikipiki kubwa, Arusha

Fanya kwa mkupuo, kwa kuwa mfumo utamwagwa mafuta mara moja na kutolewa upepo (hewa iliyonaswa ndani) mara moja. Lakini kwanza masta ifunguliwe na pistoni itazamwe kwenye mwanga. Ikiwa na madoa meupe ya unga au vishimo, usiipige msasa na kuirudisha. Weka masta mpya. Ikiwa safi, sili mpya zinatosha, mradi wakala amekuthibitishia habari ya marekebisho.

Kuhusu idadi ya mipira, tazama jinsi pikipiki yako ilivyopangwa sasa. Katika mpangilio wa njia mbili, kila kalipa ina mpira wake unaotoka moja kwa moja kwenye masta, na bolti moja ndefu yenye matundu mawili inaishikilia yote pamoja. Katika mpangilio mwingine mpira mmoja unashuka hadi kalipa ya kwanza, kisha mwingine unavuka juu ya madigadi kwenda kalipa ya pili. Mpangilio wa kuvuka ni mwepesi na unapendeza machoni, ila pale juu ya madigadi mpira unapanda na kushuka tena, na hewa hukaa kwenye nundu hiyo. Seti ya mipira mitatu hutumia kigawanyio katikati, na sioni faida yake kwa pikipiki isiyo na ABS. Chukua njia mbili.

Sasa mambo ya kumwambia fundi wako. Bolti za masta na kalipa za Tokico au Nissin ni za milimita 10 zenye hatua ya uzi ya 1.25, wakati za Brembo ni milimita 10 kwa 1.0. Zinafanana kwa macho, na ile isiyo yake itaingia mizunguko michache kabla ya kuharibu uzi wa alumini wa masta, kwa hiyo bolti ianze kuingizwa kwa vidole bila spana. Kila kiungo kinataka washa mpya za kuzibia, moja kila upande wa kichwa cha mpira, na pale vichwa viwili vinapokaa kwenye bolti moja zinahitajika tatu. Kitabu cha huduma cha Suzuki kinataja nguvu ya kukaza ya Nm 23 (nyutoni-mita) kwa bolti za kiwandani. Kama seti imekuja na bolti za alumini, fuata kipimo cha mtengenezaji wa seti, kwa kuwa hizo hukatika kwa nguvu ndogo zaidi. Fundi asitumie makadirio ya mkono hapa. Spana ya kupimia nguvu inaazimika.

Mpira wa chuma usipindwe kwenye mhimili wake. Vichwa vyote viwili vikae kwenye pembe yake ya asili kwanza, ndipo bolti zikazwe kidogo kidogo huku mpira umeshikiliwa, kwa sababu tefloni iliyokunjika mara moja haijirekebishi, na kwa kuwa wavu unaifunika hutaiona mpaka itakapopasuka.

Wakati wa kutoa upepo, elekeza usukani hadi masta iwe juu kuliko sehemu nyingine yote, kisha toa upepo kwenye masta yenyewe kabla ya kalipa: zungushia kitambaa bolti ya juu, bana mkono taratibu, legeza bolti robo mzunguko, kaza, ndipo uachie. Hapo ndipo viputo vinapojificha. Mafuta yakidondokea tangi au kava, yaoshwe hapo hapo kwa maji mengi, kwa kuwa yanakula rangi. Na chupa iwe mpya. DOT 4 au DOT 5.1 zote zinafaa. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganyiki na hizo, namba zisimchanganye mtu dukani.

Mwendeshaji, Mombasa

Naongeza jambo moja ambalo wengi hulisahau hapa kwetu. Nyuzi za chuma ni msumeno. Mpira usio na ganda la plastiki juu yake ukigusana na kava au fremu, utakata rangi, kisha plastiki, na mwishowe utakula alumini. Nimeona kava la kushoto lililotobolewa kabisa na mpira uliokuwa ukisugua kila usukani ulipogeuzwa. Chukua ulio na ganda, ambalo pia linazuia mchanga na chumvi ya bahari kuingia kati ya nyuzi na kusaga tefloni kutoka nje. Baada ya kufunga, geuza usukani hadi mwisho kulia na kushoto, kisha inua gurudumu la mbele kutoka ardhini ili shokomzoba zinyooke kabisa, na uangalie kama mpira bado una ulegevu. Halafu ziminye hadi chini uone kama haujikunji karibu na tairi.

Kwa ununuzi, tafuta mipira ambayo vichwa vyake vimebanwa kiwandani kwa mashine, iliyochapwa alama ya DOT inayoonyesha kwamba imetengenezwa kwa kiwango cha Marekani cha FMVSS 106. Goodridge, HEL, Galfer na Spiegler wote wanatengeneza seti za GSX-R, lakini nakala bandia za majina hayo ni nyingi mtandaoni, kwa hiyo mwulize muuzaji kama ni wakala anayetambuliwa na mtengenezaji. Kama umebadilisha usukani ukauinua, taja hivyo unapoagiza, kwa kuwa urefu wa seti unapimwa kwa usukani wa kiwandani.

Muulizaji, Dar es Salaam

Nimewaelewa vizuri. Nitampelekea wakala namba ya fremu Jumatatu, na sitaagiza mipira mpaka masta ifunguliwe, ili nijue kama ninahitaji bolti za uzi gani. Usukani wangu ni wa kiwandani. Swali dogo la mwisho kwa fundi: je, mpira wa nyuma nao ubadilishwe?

Fundi wa pikipiki kubwa, Arusha

Kwa umri huo, ndiyo, ingawa uharaka wake ni mdogo kuliko wa mbele. Mafuta ya nyuma yabadilishwe siku hiyo hiyo hata kama mpira utasubiri. Kazi ikiisha, funga mkono wa breki ya mbele kwa mkanda ukiwa umebanwa, uuache usiku kucha, na asubuhi kagua kila kiungo kwa karatasi nyeupe kavu kabla ya kuupima tena mkono. Safari ya kwanza iwe mtaani kwa mwendo mdogo, na baada ya wiki moja urudie kukagua viungo na mahali mpira unapopita. Ukiona unyevu wowote kwenye washa, usikaze zaidi. Fungua, weka washa mpya na utoe upepo upya.