Labour mlituomba kura kwa jina la mabadiliko. Mabadiliko yenyewe ndiyo haya?

Wakuu salaam. Uzi huu ni wa hasira, nasema mapema ili asije mtu kuniambia nipunguze jazba.

Tarehe 4 Julai 2024 nilipiga kura Uingereza. Wengi mlioko nyumbani hamjui kama hilo linawezekana, lakini liko kisheria. Mtanzania, Mkenya, Mganda, hata Mnyarwanda, ilimradi anaishi hapa kihalali, anajiandikisha na kuchagua mbunge kama mwenye nchi, kwa sababu mataifa yetu yamo kwenye Jumuiya ya Madola. Mfaransa au Mjerumani hana haki hiyo. Basi nikaenda kituoni hapa Birmingham na pasipoti yangu ya Tanzania, nikaichagua Labour. Sikuishia hapo. Niliwahimiza wenzangu kazini, nikawahimiza na watu wa kanisani ambao walikuwa wanasema siasa za Wazungu hazituhusu. Niliwaambia zinatuhusu, tena sana.

Na sababu tulikuwa nazo. Conservative, chama tawala cha wakati huo, walikuwa wamekaa madarakani miaka 14. Ndio waliotaka kuwapakia waomba hifadhi kwenye ndege na kuwapeleka Rwanda. Ndio waliotangaza kwamba kuanzia Machi 2024 mtu anayekuja kufanya kea, yaani kuhudumia wazee na wagonjwa, haruhusiwi kuja na mume, mke wala mtoto. Njoo utulelee wazee wetu, wanao waache huko huko. Labour wakaja na ilani ambayo jalada lake lilikuwa na neno moja kubwa: Mabadiliko. Mtu uliyechoka ukilisoma unashusha pumzi.

Haki yao niwape. Mpango wa Rwanda waliufuta siku ya kwanza kabisa. Agosti 2024, wahuni walipoanza kuchoma moto hoteli za waomba hifadhi na sisi weusi tukawa tunaogopa hata kusimama kituo cha basi, serikali iliwakamata na kuwafunga haraka. Kima cha chini cha mshahara kilipanda Aprili 2025 kutoka pauni 11.44 kwa saa hadi 12.21. Hayo ninayajua, msiniambie sikuyaona.

Ila wiki ya mwisho ya Julai 2024, hata mwezi hawajamaliza, Waziri wa Fedha Rachel Reeves alisimama bungeni akasema wamekuta shimo la pauni bilioni 22 kwenye hesabu za serikali. Sawa, tuseme wamelikuta. Sasa katika nchi hii yenye mabilionea wasiohesabika, wa kwanza kulifukia wakawa nani? Wazee. Ile posho ya kupasha nyumba joto wakati wa baridi, pauni 200 au 300 kwa mwaka, wakaamua apewe tu mzee anayepokea ruzuku inayoitwa Pension Credit. Wazee wapatao milioni 10 wakakatwa. Septemba 10 wakapiga kura bungeni, 348 kwa 228, ikapita. Mbunge niliyemchagua mimi alikuwa kwenye hao 348.

Kwenye takwimu jambo hili halionekani vizuri. Mimi nimeliona mezani kwa bibi mmoja ninayemhudumia. Ana miaka zaidi ya 80, anaishi peke yake, mumewe alifanya kazi kiwanda cha magari na kamwachia kipensheni kidogo. Hicho kipensheni ndicho kilichomponza. Kiwango cha Pension Credit mwaka ule kilikuwa pauni 218.15 kwa wiki kwa asiye na mwenza, yeye alizidi kidogo, akakosa posho yote. Umeme na gesi anatumia mita ya kulipia kabla, kama luku yetu, ukiisha umekaa gizani. Januari ukiingia asubuhi unamkuta kwenye kiti amevaa koti la kutokea na kofia ya sufu, yuko chumba kimoja tu, vingine vyote milango imefungwa ili joto lisipotee. Unamvua nguo kumwogesha, anatetemeka mpaka meno yanagongana, na bado anakuomba radhi eti anakuchelewesha. Nilikuwa nachemsha maji mara mbili ili taulo niliyokuwa namfutia iwe na moto. Huyo ni mtu aliyeichagua Labour maisha yake yote. Aliniambia mwenyewe.

Halafu Septemba ile ile ya kura tunasoma kwamba Waziri Mkuu Keir Starmer miwani na suti zake zimelipiwa na tajiri, Lord Waheed Alli, na kuna tiketi za tamasha la Taylor Swift juu yake. Oktoba akarudisha zaidi ya pauni 6,000 za zawadi. Zawadi alizitangaza, ingawa baadhi kwa kuchelewa. Lakini unamnyima bibi yule pauni 300 za joto, mwenyewe miwani umenunuliwa! Hapo ndipo watu wengi walipoanza kuondoka moyoni, nawaambia.

Juni 2025 wakarudi nyuma. Sasa mzee yeyote mwenye kipato kisichozidi pauni 35,000 kwa mwaka anapewa. Vizuri. Ila baridi ya mwaka mmoja ilikuwa imeshapita juu ya miili ya watu.

Na ndio mtindo wao. Wanaanza kwa kuumiza, kelele zikizidi wanalegeza, wanabaki hawana sifa ya ukali wala ya huruma. Wabunge wao saba walisimamishwa uanachama wa kundi la chama bungeni Julai 2024 kwa kosa la kupiga kura kwamba ule ukomo wa kulipa ruzuku kwa watoto wawili wa kwanza tu ufutwe. Novemba 2025 serikali ile ile ikatangaza inaufuta kuanzia Aprili 2026. Sasa wale saba waliadhibiwa kwa nini? Mpango wa kupunguza posho ya walemavu ukaja hivyo hivyo: wabunge wao zaidi ya 120 waligoma, Julai 2025 ikabidi serikali iinyofoe sehemu kubwa ya muswada wake yenyewe. Nauli ya basi iliyokuwa na ukomo wa pauni 2 kwa safari wakaipandisha hadi 3 kuanzia Januari 2025. Mtu mwenye gari anaona ni pauni moja tu. Sisi tunaozunguka nyumba hadi nyumba kwa basi, na muda wa njiani hatulipwi, tunajua ni nini.

Hapa Birmingham hata sitaki kuanza. Halmashauri ilikuwa ya Labour ilipotangaza kufilisika 2023, kodi ya halmashauri ikapanda karibu asilimia 10 mwaka 2024 na asilimia 7.5 tena 2025, na Machi 2025 wazoa taka wakaingia kwenye mgomo. Panya wakawa wanapita mchana.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike.

Mei 2025 chama cha Reform cha Nigel Farage, kinachopinga uhamiaji, kilishinda viti 677 kwenye chaguzi za halmashauri, na kikawanyang'anya Labour jimbo la Runcorn kwa kura 6. Siku chache baadaye Starmer akatoka na waraka wa uhamiaji, akahutubia kwamba nchi iko hatarini kuwa kisiwa cha watu wasiojuana. Mimi ninayewaogesha mama zao ndiye nisiyejulikana! Baadaye alisema anajutia maneno yale. Maneno alijutia, sera hakuifuta. Julai 22, 2025 wakafunga kabisa mlango wa kuajiri watu wa kea kutoka nje. Na Novemba 20 Waziri wa Mambo ya Ndani, Shabana Mahmood, naye mbunge wa hapa hapa Birmingham na mtoto wa wahamiaji, akaleta pendekezo la makazi ya kudumu, ile tunayoiita indefinite.

Tulipokuja tuliambiwa miaka mitano. Fanya kazi, lipa kodi, usivunje sheria, miaka mitano ikiisha unaomba. Watu waliuza viwanja Kibaha kwa ahadi hiyo. Watu walikopa. Wengine walilipa mawakala mamilioni kwa ajili ya CoS, yaani hati ya mwajiri wa huku kukudhamini, wakafika wakakuta kampuni hewa. Serikali yenyewe imesema kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 ilifuta leseni zaidi ya 470 za waajiri wa kea, na wafanyakazi zaidi ya 39,000 walikuwa chini ya waajiri hao. Ukipoteza sponsa, yaani mwajiri aliyekudhamini, una siku 60 kutafuta mwingine au uondoke. Tuliyavumilia yote hayo tukihesabu miaka.

Sasa pendekezo ni kwamba msingi uwe miaka 10, na mtu wa kea awe miaka 15. Kumi na mitano! Na si kwa watakaokuja kesho tu, wanataka liwashike na walioko tayari ndani ambao bado hawajapata. Anayelipwa zaidi ya pauni 125,140 kwa mwaka yeye anapata baada ya miaka mitatu. Madaktari na manesi wa NHS, yaani hospitali za umma, wamebaki na mitano, na wanastahili. Lakini sisi watu wa kea, kazi ambayo wakati wa Korona waliifanya walioitwa mashujaa na kupigiwa makofi mlangoni, eti ni wa miaka 15 kwa kuwa mshahara wetu ni mdogo. Mshahara mdogo nani anaupanga? Wao wenyewe ndio wanaozipa halmashauri fedha zinazolipia hiyo kazi. Na mkataba wa mishahara bora kwa watu wa kea walioutaja kwenye ilani, tunaambiwa tusubiri 2028.

Mimi nilifika 2023. Kwa ahadi ya mwanzo ningeomba 2028, mwanangu mkubwa akiwa na miaka 17, kabla hajaingia chuo. Kwa hii ya miaka 15 ni 2038, atakuwa na miaka 27. Mtoto anayesoma shule hapa, anayeongea Kiingereza cha Birmingham kuliko Starmer, chuoni atahesabiwa mwanafunzi wa kigeni na kutozwa ada ambayo kwa vyuo vingi ni zaidi ya mara mbili ya wanayolipa wenzake wa darasa moja. Na ombi lenyewe mwaka 2025 lilikuwa pauni 3,029 kwa kichwa, karibu milioni 10 za kwetu. Sisi tuko wanne.

Na kwa Mtanzania hili lina uzito wa pekee. Mkenya au Mganda akipata uraia wa hapa anabaki na wa kwao. Sisi sheria yetu hairuhusu uraia pacha, ukichukua wa Uingereza umeukana wa kwenu. Wengi wetu hatutaki kuwa Waingereza, tunataka tu hiyo indefinite ili tufanye kazi bila kumtetemekea sponsa, tujenge nyumbani, tukizeeka turudi. Ndiyo hiyo hiyo wanayoisogeza mbali.

Najua mtakaonijibu "rudini nyumbani, nani aliwatuma". Nimeshayasikia. Najua pia nyumbani mna machungu yenu ya uchaguzi wa Oktoba 2025 na mimi sitaki kuyafananisha na haya, watu wamezika. Lakini kila mtu anadai haki yake pale alipoweka jasho lake, na mimi jasho na kodi nimeviweka hapa.

Kinachoniuma kuliko vyote ni hesabu yao ya kisiasa. Labour walipata viti 411 kwa asilimia 34 tu ya kura, na waliojitokeza walikuwa kama asilimia 60 ya walioandikishwa. Maana yake katika kila watu watano walioandikishwa, mmoja tu ndiye aliyewachagua. Huyo mmoja ndiye wa kumshika kwa mikono miwili. Wao wamemgeuzia mgongo wanamkimbilia mpiga kura wa Farage, ambaye hatawachagua hata wakitufukuza wote, kwa sababu akitaka sera za Farage yuko Farage mwenyewe. Asante ya punda tumeipata.

Sasa ninyi mlioko huku, acheni kulalamika kwenye magrupu ya WhatsApp tu. Lile pendekezo liliwekwa kwenye maoni ya umma mpaka Februari 12, 2026. Ambaye hakujaza, mbunge wake yuko. Elezeni mlikuja lini, mliahidiwa nini, wanenu wana miaka mingapi. Mwandikieni mbunge wako kwa jina na postikodi yako, akijua ni mpiga kura wake anawajibika kukujibu. Wangu nimemwandikia, amenijibu barua ya kunakili ikisema serikali inathamini mchango wa sekta ya kea. Nimemwandikia tena kumuuliza swali moja: utapiga kura ya ndiyo au ya hapana?

Na hakikisheni mmejiandikisha. Birmingham siku ya kuchagua madiwani iliwekwa Mei 7, 2026, na watu wa Jumuiya ya Madola tumo. Wale wa kanisani niliowahimiza 2024 wameanza kuniuliza safari hii tumpe nani. Nani bado sijajua, lakini Labour kwangu hawapati, na diwani wao akigonga mlango nitamwambia hivyo hivyo usoni.